Mama aliuliza zimebaki steji ngapi

Kayole, Nairobi
Jumapili usiku

Rehema dadangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Watoto hawajambo, baba yao yuko Naivasha kikazi, na Zulfa anakusalimu. Kimya changu tangu Idi kisikuudhi. Mama anaumwa, na kila nikishika kalamu nilikuwa sijui nianzie wapi.

Ni saratani ya titi. Donge lile alilificha miezi mingapi, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nililigusa siku nilipokuwa namsaidia kuvua sweta, mkono ukakwama, akashtuka. Basi tumepigwa picha, tumekatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, tumesubiri majibu hadi usingizi ukatuhama. Siku ya majibu daktari alikuwa na haraka, foleni nje imefika ngazini, akazungumza nami Kiingereza mwanzo hadi mwisho huku mama ameketi katikati yetu, macho yakienda kwake yakirudi kwangu. Katika maneno yote yale alilinasa moja tu, stage two, kwa kuwa ni neno lake la kila siku.

Hakusema kitu. Tukapanda matatu, akakaa dirishani. Jogoo Road unaikumbuka: City Stadium, Makadara, Hamza. Kila makanga akigonga bati na kuita steji, mama anakunja kidole kimoja juu ya mkoba. Nikadhani anaomba. Tulipokaribia Donholm akanigeukia, sauti chini kabisa: "Kwa hivyo mimi nimefika ya pili. Zimebaki ngapi nishuke?"

Rehema, nilimshika mkono tu. Tukafika nyumbani hivyo.

Tangu siku hiyo neno hili limenikaa kooni. Kwa mama, steji ni mahali gari linaposimama, basi. Mwezi jana Baraka alirudi kutoka mchezo wa kuigiza wa shuleni akijisifu kwamba alikuwa stejini peke yake, na bibi yake akamuuliza, "Steji ya kwenda wapi?" Tulicheka siku ile. Sasa fikiria: gari likishasimama steji ya pili, litakwenda ya tatu, kisha ya nne, na mwisho wa safari kila abiria atashuka, atake asitake. Ukimwambia mtu wa Nairobi ana saratani ya steji ya pili, umempandisha gari lisilorudi nyuma na lisilo na breki. Na mama hakukosea hata kidogo. Alilielewa neno kama sisi sote tunavyolitumia.

Wewe ni muuguzi, haya unayajua kunishinda, lakini niache niyaandike nione kama nimeyashika. Mpango huu wa namba ulitungwa na daktari Mfaransa, Pierre Denoix, kati ya 1943 na 1952. Unatazama mambo matatu: ukubwa wa uvimbe, tezi za jirani kama zimeguswa, na kama ugonjwa umekwenda mbali mwilini. Majibu yakiunganishwa unapata namba, 1 hadi 4. Uvimbe wa mama ni sentimita 3, tezi za kwapani ni safi, kwingine hakukuonekana kitu. Hiyo ndiyo 2, sehemu yake ya kwanza, 2A. Ni picha ya siku ugonjwa ulipogunduliwa. Kuna anayekutwa kwenye 1, akatibiwa, asiione 2 maisha yake yote, na kuna anayekutwa tayari kwenye 4 ambaye hakuwahi kuambiwa habari ya 1. Hata mama akipona, faili lake litaendelea kusema 2. Gari gani hilo ambalo abiria ameshashuka, amefika kwake, na bado linaandikwa liko Makadara?

Usiku ule nilikesha na kamusi. Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa wa zamani, na kwa mbali limetoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kusimama. Kumbe ni hilo tu, kusimama! Jukwaa likaitwa stage kwa kuwa ni pa kusimama mchezaji. Hata kile kibao cha hadubini kinachobeba kioo chenye kitu unachokichungulia kinaitwa hivyohivyo. Enzi za magari ya farasi, mwendo wa kutoka mahali pa kubadilishia farasi hadi pengine nao ulikuwa stage moja, na hapo ndipo steji yetu ya matatu inapopata ukoo wake. Na hiyo stendi yenu ya Tanga ni ndugu yake, shina ni lilelile.

Asubuhi nilimkuta mama uani anachagua ndengu kwenye ungo, anapuliza makapi, mawe anayatupa kando ya mlango. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mama, ile steji si ya gari. Daktari alikuwa anasema ugonjwa alipoukuta umesimama wapi siku alipoutazama." Akaendelea kuchagua. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Umesimama, au umepumzika tu uendelee?"

Nikamwambia ndiyo maana tunakwenda kuutoa kabla haujaondoka hapo. Akasema haya. Lakini nilimwona, ndengu zile alizirudia kuchagua mara ya pili.

Kwa hiyo bado natafuta neno, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Vitabu vya afya vinasema "hatua ya pili". Siipendi kabisa. Hatua ni mguu unaotembea, na baada ya ya pili hakuna anayengoja kuambiwa inafuata ipi; tumetoka kwenye gari tukaenda kwa miguu, safari ni ileile. Nikajaribu "daraja". Mwalimu mimi, najua mtu akisikia daraja anawaza mtihani, amefaulu au ameanguka, na tena madaktari wana kipimo kingine cha jinsi chembe zenyewe zinavyoonekana, ambacho ndicho kingefaa zaidi kuitwa daraja. "Kiwango cha kuenea" kinasema kweli, ila kirefu, na daktari mwenye foleni hadi ngazini hatakitamka. Wakati mwingine nawaza namba ingebaki kwenye faili, mgonjwa aambiwe tu: ugonjwa uko kwenye titi, haujafika kwapani, haujafika mbali. Mama angelala usiku ule. Mimi pia.

Upasuaji ni Alhamisi ijayo. Atalala wodini siku chache, na nimeomba ruhusa shuleni hadi Jumatatu. Tutapita barabara ileile kwenda, na sitaki ahesabu tena.

Sasa niambie. Ninyi huko wodini mnamwambiaje mama wa makamo ya huyu? Mnasema hatua? Na wakisikia hatua wanauliza kama alivyouliza mama, au ni kwa sababu kwetu neno ni la matatu? Ukimwambia mgonjwa namba, unaanza na namba au unaanza na habari njema? Kuna neno wazee wa Tanga wanalo ambalo mimi wa bara silijui? Na je, unaweza kumpigia mwenyewe? Wewe anakuamini, bado anakuita mtoto wangu wa Tanga, na ile kanga uliyomletea ndiyo ameitenga kwenda nayo hospitali. Mweleze wewe, kwa sauti yako, polepole. Mimi nikieleza anaona nambembeleza.

Piga jioni, baada ya saa moja. Asubuhi anakuwa kanisani, na mchana simu anaiacha kwenye chaji kwa jirani.

Ni mimi,
Njeri