Picha ya kulipiwa ni ya nani? Barua ya wazi kwa Bodi ya Hakimiliki

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mwanamke mpiga picha wa harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu kubwa ni picha za kupamba, sherehe ya kumrembesha bibi harusi, siku ambayo ukumbi ni wa wanawake pekee na mpiga picha mwanamume hafiki hata mlangoni. Harusi zikipungua huchukua kazi za hoteli, na hizo ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Hoteli moja iliniita siku mbili nipige vyumba na bwawa, picha za kuweka kwenye tovuti yao. Hatukuandikiana kitu. Advansi ilikuja kwa M-Pesa, salio likafuata. Mwaka wa pili, nikipita Nyali ndani ya matatu, nikaliona bwawa lile limetandazwa kwenye bango la kampuni nyingine kabisa. Nilishuka kituo kilichofuata nikiwa nimeshaipigia hesabu fidia yangu.

Wakili alinifungulia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 31, akanifafanulia polepole. Hakimiliki huanza kwa mpigaji, lakini kazi ikiwa imeagizwa, huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Sisi hatukuwa tumekubaliana lolote. Hoteli ilikuwa na haki ya kumpa picha imtakaye, na ada ya wakili nikailipa mimi.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia wateja, tena kwa sauti ya mjuzi, kwamba anayebonyeza ndiye mwenye picha. Wenzangu wa Fort Jesus na Mama Ngina husema hivyo hivyo. Ni kweli nusu tu: jahazi nililolipiga alfajiri pale bandari ya zamani, bila kutumwa na mtu, ni langu hata nisipolisajili.

Usidhani naomba kifungu hicho kigeuzwe. Nikifikiria kupamba, moyo unakataa. Bibi harusi amevua mtandio mbele ya shoga zake na mashangazi. Picha hizo zingekuwa zangu kisheria, nani angenizuia kumuuzia mwenye saluni atangazie hina yake? Afadhali ziwe za bibi harusi mwenyewe. Na hapo nami nina kosa, kwani nimeshabandika picha za wateja Instagram bila kuwauliza. Si za kupamba, lakini ni za watu walionilipa.

Ninachoomba ni karatasi moja ya mkataba, kwa Kiswahili, ambayo mama wa bibi harusi na mimi tunaweza kuisoma na kuitia sahihi kabla ya advansi. Iseme hakimiliki inabaki kwa nani, picha zitatumika wapi na kwa muda gani, na kama naruhusiwa kuzionyesha. Hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Si jambo la kuachia mazungumzo ya simu.

Iseme pia kuhusu jina. Wakili aliniambia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye uliyepiga haihami pamoja na hakimiliki. Bango la Nyali halikuwa na jina langu popote, na hilo bado nalidai.

Rasimu yangu ninayo, nimeiandika nyuma ya risiti ya wakili. Mkiihitaji, nitaileta.

Wako,
Mpiga picha, Mji wa Kale, Mombasa