Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya New York: dereva wa kigari cha farasi akianguka, tuambieni kilichotokea

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo, na pole na kazi.

Naandika nikiwa Utica. Mimi ni saisi, natunza farasi wa mbio za vigari, nawalisha, nawaosha, nawafunga bandeji za miguu, nawavalisha hatamu na lijamu halafu namkabidhi dereva. Nilizaliwa Uvira nikakulia kambini Nyarugusu, Kigoma, farasi nimekuja kuwajulia huku huku Marekani na nimewapenda sana. Laiseni yangu ya kazi imetoka kwenye tume yako, maana ndo inayosimamia mbio hizi jimboni. Barua hii nimeiandika Kiswahili maana nataka wenzangu tunaofanya nao kazi waisome kwanza, mtoto wa dada yangu ndo ataitafsiri na itafika ofisini kwako Schenectady.

Kwa ndugu zangu mnaosoma ambao hamjawahi kuona mbio hizi niwaeleze kidogo. Hapa hakuna mtu anayepanda mgongoni. Farasi anavuta kigari cha magurudumu mawili na dereva anakaa nyuma yake chini chini, miguu ameitanua mbele imekanyaga vyuma pembeni kabisa mwa mapaja ya farasi, hana mkanda, hana kizuizi chochote, kiti chenyewe ni kidogo kama cha baiskeli. Farasi haruhusiwi kwenda shoti, anatakiwa abaki kwenye mwendo wake, wengine mchakamchaka, wengine ule mwendo wa miguu ya upande mmoja kwenda pamoja, na wengi wa hawa wa pili wanavalishwa mikanda inayounganisha mguu wa mbele na wa nyuma ili wasipoteze mwendo. Wanakimbia maili moja, na farasi wazuri wanaimaliza chini ya dakika mbili, yaani ni kilomita kama 50 kwa saa, vigari vimekaribiana kiasi kwamba pua ya farasi wa nyuma iko begani kwa dereva wa mbele.

Sasa fikiria mmoja ajikwae. Farasi aliyevaa ile mikanda akikosea hatua kujiokoa ni shida, anakwenda chini mzima mzima, dereva wake anarushwa juu, na wa nyuma yake hana hata sekunde ya kufikiri, ama akwepe agonganishe gurudumu na la mwenzake ama ampitie. Nimeona kigari kimepinda mpaka huwezi kujua kipi kilikuwa kiti. Kwenye uwanja wa nusu maili kama Yonkers ndo mbaya zaidi maana maili moja ni kuzunguka mara mbili, kona nne, na kila mtu anataka kukaa ndani karibu na ukingo.

Na usiniambie wanaoumia ni wale wasiojua kazi. Mheshimiwa, unamjua Billy Haughton, dereva mkubwa wa vigari, mtoto wa jimbo hili, kazaliwa Gloversville. Alishinda Hambletonian mara nne, na hakuna mbio kubwa kuliko hiyo kwa farasi wa mchakamchaka Marekani. Ya mwaka 1980 alishinda na Burgomeister, farasi aliyekuwa mikononi mwa mwanawe Peter, na Peter alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Januari mwaka huo huo. Huyo baba alizika mwanawe, akaendelea kushika hatamu. Tarehe 5 Julai 1986 akaanguka kwenye mbio pale Yonkers, akaumia kichwa, tarehe 15 akafariki, alikuwa na miaka 62. Miaka minne kabla yake, 1982, Shelly Goudreau wa Kanada alifariki baada ya kuanguka Hollywood Park kule California. Hawa ni watu waliokuwa juu kabisa, na kama wao haikuwasaidia ujuzi, huyu kijana anayeendesha mbio za maonyesho ya kaunti huku vijijini itamsaidia nini?

Huku kwetu mtu akifa hivi watu wanasema ajali haina kinga. Nimelelewa na msemo huo na nimeusikia kwenye misiba mingi, lakini kwenye mbio hizi si kweli hata kidogo, na historia yenyewe inaonyesha. Zamani ndani ya uwanja kulikuwa na reli ngumu inayozunguka kote, dereva akibanwa anakwenda kwenye reli na hana pa kutokea. Viwanja vingi wakaing'oa wakaweka nguzo ndogo za plastiki zinazolala ukizigonga, dereva akizidiwa anaingia kwenye nyasi. Magurudumu yalikuwa wazi, mguu wa farasi unaingia katikati ya spoku na hapo wote wawili wamekwisha, siku hizi yanafunikwa na sahani ya plastiki pande zote. Helmeti zimekuwa bora na vesti za kinga zimezoeleka. Kila kimoja katika hivyo kuna mtu alikaa akauliza kwa nini yule ameumia, akapata jibu, na kitu kikabadilishwa. Mimi naomba tuendelee kuuliza tu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni asubuhi. Watu wanaoangalia mbio kwenye TV wanaona ambulensi imesimama, wanaona majaji juu, taa, kila kitu kipo, wanadhani ndo maisha yetu yote hayo. Mbio zenyewe ni dakika mbili, farasi huyo huyo anafanya kazi siku nyingi za wiki, na kazi hiyo inafanyika alfajiri, baridi, mara nyingine giza halijaisha, farasi wadogo wa miaka miwili ambao hata kigari hawajakizoea wako uwanjani pamoja na wakubwa, huyu anakwenda upande huu, yule anakuja upande ule. Kuna kituo cha mazoezi nilichofanyia kazi, sitakitaja jina, vesti zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha vifaa, mpaka zimeshika vumbi la nyasi kavu, maana hakuna aliyelazimishwa kuzivaa. Asubuhi moja farasi jike mdogo akashtushwa na turubai lililopeperushwa na upepo, akageuka ghafla, kigari kikapinduka na mzee aliyekuwa anamfundisha akaburutwa mpaka hatamu zilipomtoka mikononi. Tulimfunika na blanketi la farasi, lile la kijani lenye jina la zizi, na tukakaa chini kwenye tope tunamwongelesha asilale. Ambulensi ilitoka mjini. Tulisubiri sana. Mzee alipona lakini mkono wake wa kushoto haujarudi kuwa ule, na hakuna mtu yeyote aliyewahi kuja kutuuliza ilikuwaje. Turubai lilikuwepo pale pale wiki iliyofuata.

Mheshimiwa, angekufa yule mzee siku ile, je, ingehesabiwa kuwa ajali ya mbio za vigari au ingekuwa ajali ya shambani tu?

Kuna jambo la pili ambalo madereva hawatalisema mbele yako kwa hiyo nalisema mimi. Dereva kwa desturi anapata asilimia 5 ya zawadi farasi aliyoshinda. Hana mshahara. Asipoendesha halipwi, na mbaya zaidi akikaa nje wiki mbili farasi wake wanapewa mwingine na mwingine akishinda naye hatoki tena kwenye kile kiti. Kwa hiyo mtu anaanguka mbio ya tatu, anajipangusa, anasema niko sawa, na mbio ya tano unamuona tena yuko nyuma ya geti la kuanzia, lile gari lenye mabawa. Mimi nimemvalishia farasi dereva aliyeniuliza mara mbili jina la farasi yule yule, ndani ya dakika chache, macho yake hayakai mahali pamoja. Mtu aliyetikiswa ubongo hawezi kuamua mwenyewe kama yuko salama, ndo maana ya kutikiswa ubongo, na akikosea yuko na wenzake saba uwanjani. Daktari ndo aseme. Na akisema kaa, lazima kuwe na hela ya kumkalisha, la sivyo mnamwambia mtu achague kati ya kichwa chake na kodi ya nyumba.

Majoki, wale wanaopanda mgongoni, wamepiga hatua kutuzidi. Jimbo hili lina mfuko wa fidia wa majoki kwa mujibu wa sheria, wakiumia kuna pa kushika. Na ile sheria ya kitaifa ya usalama wa mbio za farasi iliyopitishwa 2020, kanuni zake za usalama zilianza kazi Julai 2022, inazungumzia mpaka ambulensi saa za mazoezi na kupima watu mtikisiko wa ubongo, lakini inawahusu farasi wa kupandwa wale wa thoroughbred, sisi wa vigari tumebaki nje. Viongozi wa mchezo wetu wengi hawakutaka tuingizwe, wana sababu zao za gharama na za dawa za farasi, mimi siingii huko. Lakini kama hatumo kwenye ya taifa basi aliyebaki ni wewe, maana mbio zetu ziko chini ya jimbo, na mwenye kutoa laiseni ana nguvu ya kuweka masharti.

Tume yako tayari inaonyesha inaweza. Mna kumbukumbu ya wazi mtandaoni ya farasi waliokufa na walioumia kwenye viwanja vya jimbo, mtu yeyote anafungua anaona tarehe, uwanja na jina la farasi. Nawashukuru sana kwa hilo, nawapenda farasi hawa, nimewahi kulala zizini na mmoja aliyekuwa anaumwa tumbo usiku kucha. Ninachotaka ni kwamba dereva au mkufunzi au saisi akianguka, iwe kwenye mbio au mazoezi, kuwe na mtu wa tume anayekuja, anaangalia uwanja ulikuwaje, kigari kilikuwa na hali gani, farasi alivaa nini, mtu alivaa nini, ambulensi ilichukua dakika ngapi, halafu ripoti nzima itoke hadharani, jina la mtu likifichwa sawa lakini sababu isifichwe. Vesti na helmeti ziwe lazima kwa yeyote mwenye laiseni anayekaa nyuma ya farasi saa yoyote. Ambulensi iwepo uwanjani saa za mazoezi, na vituo vidogo visivyoweza kuilipia viwe angalau na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza na makubaliano ya maandishi na kikosi cha zimamoto cha jirani. Na mfuko wa fidia kama wa majoki.

Hela mtaniambia hakuna. Mashine za kamari zilipoingia kwenye viwanja vya Yonkers na Vernon mwaka 2006 zawadi za mbio zilipanda na sehemu ya pesa hizo inakuja kwenye mchezo wetu mpaka leo, mimi mwenyewe nakula kupitia hapo. Senti chache zikikatwa kwenye kila zawadi kabla haijagawanywa hakuna mwenye farasi atakayefilisika.

Naomba hili liingie kwenye ajenda ya mkutano wenu wa wazi kabla ya maonyesho ya kaunti kuanza kiangazi, maana huko viwanja ni vyembamba. Nitakuja Schenectady, nitaomba ruhusa kazini, na kuna madereva wawili wamekubali kuja nami wakihakikishiwa hawatanyimwa farasi kwa kusema. Mkichapisha rasimu ya kanuni, zile siku 60 za maoni ya wananchi tutazitumia zote, sisi masaisi tutaandika, kwa Kiswahili, Kihispania na Kiingereza.

Wako,
Saisi, Utica