Makocha, kijana akikosa namba tano mjaribuni namba tatu

Kwako Mhariri,

Salamu kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu. Mimi ni mama nauza mitumba, huu ni mwaka wa kumi na moja, na sijawahi kuandikia gazeti lolote lakini hii maneno imenikaa rohoni tangu mwezi wa nne na nimeona niiseme tu, juu vijana wetu wanapotea ovyo na hakuna mtu anauliza wameenda wapi.

Nina kijana ana miaka 19. Tangu akiwa darasa la sita anacheza beki wa kati, namba tano, huku Nyalenda kila mtu anamjua kwa hiyo namba. Mwezi wa nne tukasikia kuna timu inafanya majaribio, akaamka saa kumi na moja usiku, nikampikia uji, akaenda kwa miguu ndio abaki na fare ya kurudi akichoka. Alikuta vijana zaidi ya mia. Wakaandikwa majina kwa kitabu cha mazoezi cha shule, na swali ni moja tu, "Unacheza namba ngapi?" Yeye akasema tano. Wakagawanywa wakapewa bibu, akacheza dakika ishirini hivi, na kwa hizo dakika mpira ulikuja upande wake mara tatu, basi, filimbi ikapigwa na mwalimu mmoja akaanza kupita kwa laini akisema wewe baki, wewe enda, wewe enda. Alipofika kwa kijana wangu akamwangalia kutoka juu hadi chini akasema "namba tano gani mfupi hivi" akapita. Hakumuuliza anatumia mguu gani. Hakumuuliza kama kuna mahali pengine anaweza kucheza. Alirudi nyumbani saa nane mchana akalala na viatu.

Kwa miezi miwili hivi hakugusa mpira. Mimi kama mzazi nilijaribu kuongea, babake akajaribu, wapi. Mascherano, yule mchezaji wa Argentina, si mrefu na alitolewa kiungo akachezeshwa beki wa kati pale Barcelona, na fainali ya 2011 ya klabu bingwa Ulaya alianza hapo hapo katikati, hiyo ni kijana wangu mwenyewe alikuwa ananiambia zamani kwa furaha, lakini sasa ukimkumbusha ananyamaza anaangalia ukuta.

Sasa mtashangaa mambo ya Marekani yanaingiaje hapa. Mwezi wa sita nilifungua robota la nguo za wanaume. Sisi wa mitumba ukifungua robota kwanza unatoa kamera, zile safi kabisa ambazo wateja wa asubuhi wanagombania, halafu mwisho inabaki fagia, ile ya kumwaga chini uite watu kwa hamsini hamsini. Na mwenye amekaa kwa hii kazi anajua kwa fagia huwa kuna nguo nzuri kabisa, ni vile tu ilikuwa imekunjwa ndani nje na hakuna mtu aliigeuza. Hapo kwa fagia kijana akatoa hudi ya kijani iko na G nyeupe kubwa kifuani, akasema hii ni ya Gor Mahia, timu yetu ya mpira, na hapa Kisumu ukiona kijani na G nani atabisha. Kumbe imeandikwa Green Bay Packers. Ni timu ya futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Akaanza kuwasoma kwa simu, na jioni moja akanijia jikoni macho yamefunguka, "Mum, huyu hakuchaguliwa na mtu yeyote."

Alikuwa anaongea juu ya Willie Wood. Acha nieleze vile nilielewa. Huko timu zinakaa mara moja kwa mwaka zinachagua vijana wametoka vyuo, kwa zamu, siku hizi timu ni 32 na raundi ni saba. Mwaka wa 1960 raundi zilikuwa 20 na hata hivyo Wood hakuitwa jina, raundi zote 20. Alikuwa kijana mweusi, si mrefu, na chuoni USC, chuo kikuu huko Los Angeles, alikuwa ndiye kwotabeki, yule mwenye kurusha mpira na kuongoza mashambulizi, na miaka hiyo mweusi kupewa hiyo nafasi kwa chuo kikubwa ilikuwa nadra sana. Alifanya nini? Alichukua kalamu akamwandikia barua kocha wa Green Bay, Vince Lombardi, akaomba kitu kimoja tu, ajaribiwe. Akaitwa. Siku chache kwa mazoezi akaona huku kwa kurusha mpira kumejaa watu mbele yake, akaomba apelekwe kwa ulinzi, nyuma kabisa, beki wa mwisho. Akakaa na hiyo timu misimu 12! Mwaka wa 1962 ndiye aliongoza ligi nzima kwa kunyakua pasi za wapinzani, pasi tisa, na kwa Super Bowl ya kwanza kabisa, ile fainali yao kubwa, Januari 1967, akanyakua moja akakimbia nayo yadi 50 na Green Bay wakashinda 35 kwa 10. Mwaka wa 1989 akaingizwa kwa jumba la heshima la mchezo wao. Aliaga 2020.

Kijana akaendelea kuchimba na mimi nikaanza kusikiza hata wakati nafunga mzigo. Kumbe hata leo wale hawakuchaguliwa bado wanaitwa kambini, kila timu inaweza kuwa na watu 90 msimu wa joto, wanafanya mazoezi wiki kadhaa, wanacheza mechi tatu za matayarisho, halafu mwisho wa mwezi wa nane wanapunguzwa wabaki 53. Ni kali, sikatai, piga hesabu mwenyewe 32 mara 37 uone ni vijana wangapi wanaambiwa warudishe vifaa. Lakini kabla ya hapo wameonekana. Na kwa hizo wiki makocha wanawahamisha, beki wa pembeni anajaribiwa nyuma, wa nyuma anasongezwa mbele karibu na vurugu, mwenye mwili hautoshi huku anapelekwa kule mbio zinatakiwa, na mwenye hajapata namba kabisa anaambiwa haya, wewe kimbiza mipira ya kupigwa kwa mguu, tuone. Chris Harris hakuchaguliwa mwaka wa 2011, timu ya Denver wakampa bonasi ya dola 2,000 ya kusaini ambayo kwa huko ni pesa ya chai, akaanza kwa kuchunga wale wapokeaji wa pasi wanaosimama ndani ambao mabeki wengi hawawapendi, na Februari 2016 alikuwa uwanjani Denver ikibeba Super Bowl. Hata Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, mtu wa raga, timu ya Indianapolis walimchukua 2013 na hakuwa amecheza huo mchezo hata siku moja, wakamtafutia mahali kwa ulinzi, akawa Mkenya wa kwanza kucheza kwa hiyo ligi.

Basi mwezi wa saba kijana akavaa hudi yake, na joto ya Kisumu mnaijua, akaenda kwa mzee mmoja anafunza watoto hapa mtaani bila kulipwa. Mzee akamwambia, "Omera, mimi nilikuwa nangoja uje. Wewe mguu wa kushoto unao, mbio unazo, ulikuwa unang'ang'ania tano juu ya nini? Kuja namba tatu." Kijana alinuna kwanza, alikuwa anaona namba tatu, beki wa kushoto, ni ya wale wamekosa mahali. Halafu akarudi.

Na si kazi rahisi, hiyo nimeona na macho yangu. Mimi nilidhani beki ni beki. Kumbe ukiwa katikati uwanja wote uko mbele yako, unaona kila kitu, unapiga kelele unapanga wengine. Ukienda pembeni ile laini nyeupe iko kwa bega lako, nusu ya uwanja huioni mpaka ugeuze shingo, na winga akikujia huwezi kumsimamia wima kama mlango, lazima ugeuze mwili nusu, umfungie njia ya ndani umwachie ya nje, halafu urudi nyuma na hatua fupi fupi mpaka aachie mpira kidogo ndio unaingia. Jioni alikuwa anachukua kamba yangu ya kuanika nguo anaifunga chini kwa vijiti viwili nyuma ya nyumba, hiyo ndiyo laini, na mdogo wake wa miaka kumi na mbili ndiye winga. Walikuwa wanarudia mpaka giza, mimi naita chakula hawasikii. Mechi ya kwanza kama namba tatu alipitwa mara nne na magoli mawili yalitoka kwake. Shida ilikuwa kila mpira ukienda upande wa pili miguu yake inamrudisha katikati yenyewe, miaka saba ya mazoea, na mzee huko nje anapiga kelele "Laini! Rudi kwa laini!" Mechi ya tano hivi sikusikia tena hiyo kelele.

Kwa hivyo Mhariri, ninachoomba makocha wa timu zetu, za hapa Kisumu na Nakuru na Kakamega na kila mahali vijana wanajaa kwa majaribio, ni hii. Najua hamna pesa, najua wengine wenu hamlipwi na kuangalia vijana mia kwa siku moja ni kazi ya kuumiza kichwa. Lakini mkimuuliza kijana anacheza namba ngapi, ongezeni hapo hapo, na ya pili je? Mpeni nusu ya muda huku na nusu kule. Na ukimkata mwambie sababu, kitu kimoja tu cha kuenda kufanyia kazi, si kumwangalia urefu ukapita. Mwalimu yule angesema "mguu wako wa kushoto ni mzuri, rudi kama namba tatu" tungeokoa miezi miwili, na mimi nawafikiria wale wengine waliambiwa enda siku hiyo na hawana mzee wa kuwaendea. Na nyinyi vijana mlioachwa, andikeni, ombeni mjaribiwe tena, si aibu.

Wazazi pia tuwache kusema "mtoto wangu ni straika" mpaka mtoto anaogopa kutuambia amehamishwa. Hata mimi iliniuma kidogo kumuona pembeni.

Wiki tatu zimepita timu ya ligi ya chini upande wa Kakamega imemchukua. Alipoulizwa namba akasema tatu, halafu akaongeza na tano pia. Mechi mbili za kwanza amekaa benchi, lakini amenipigia simu jana usiku kwamba namba tatu wao ameumia na mwalimu amemwambia ajitayarishe. Ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye kushinda zote, lakini nimeshaongea na jirani yangu ataniangalilia meza, na matatu ya saa nne nitakuwa ndani.

Mama wa mitumba,
Kibuye, Kisumu