Kwa nini tunang'oa meno mazima kabla ya kufunga waya

Mzazi wa Nairobi akimleta kijana wa miaka 13 ambaye meno yake yamepandana, huwa ameshajiandaa kwa waya za kuyanyoosha. Asichojiandaa nacho ni kuambiwa kwamba huenda tukang'oa meno manne, tena mazima. Hapo mama humtazama baba, na kijana hututazama sote. "Daktari, si uyasukume tu nyuma?"

Nyuma kuna magego, na ya mwisho bado hayajaota. Tukiyatanua meno kwa nje wakati nafasi imepungua kwa milimita 8 au zaidi, tunayapeleka kwenye ukingo wa mfupa. Ufizi unaweza kuachana na jino, midomo ikajitokeza, na waya zikitolewa meno yakarudi yalikotoka. Upungufu ukiwa wa milimita 3 au 4, mara nyingi hatung'oi kitu. Ndiyo maana kwanza tunapiga eksirei, tunachukua chapa ya meno na kupima jino moja moja.

Linalotolewa kwa kawaida ni gego dogo la kwanza, lile linalofuata chonge, kila upande, juu na chini. Huacha karibu milimita 7. Chonge la juu ndilo mwathiriwa mkuu wa msongamano: huota likichelewa, miaka 11 au 12, likikuta wenzake wameshakaa huning'inia juu ya ufizi kama abiria wa mlangoni mwa matatu.

Mara nyingine mambo yaliharibika zamani. Gego la utotoni likioza likatolewa mapema, lile la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele na kula nafasi ya mwenzake. "Si litang'oka tu lenyewe?" Kauli hiyo ya wazazi kuhusu gego la utotoni tumeisikia mno.

Waya husukuma polepole: mfupa hulika upande mmoja wa jino na kujengeka upande wa pili, karibu milimita 1 kwa mwezi. Kazi nzima huchukua miaka 2 hivi, na kijana huja kila baada ya wiki 4 hadi 6. Usituombe tukaze zaidi ili amalize haraka; nguvu ikizidi, mizizi ya meno ndiyo inayoumia.

Kama anasoma shule ya bweni, ongea na shule kuhusu ruhusa kabla hatujabandika chochote. Mfungashie mswaki mdogo na nta ya kufunika waya inayomchoma shavuni. Mahindi ya kuchoma ayapukuchue, ayatafune kidogo kidogo kwa magego, na yakiwa makavu ayaache. Miwa asiiguse kabisa.

Waya zikitoka, anavaa riteina, kifaa cha kuyashikilia meno mahali pake, kila usiku ili yasirudi. Tafadhali mnunulie kikopo cha kuihifadhi. Riteina nyingi tunazotengeneza mara ya pili zilifungwa kwenye tishu zikaachwa mezani, mtu akapangusa meza, zikaenda na takataka.