Shangazi, mwani haukufa kwa mkono wako

Shangazi yangu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa nilikukosea hadharani. Siku ile barazani, mbele ya wenzako na yule mnunuzi aliyekuja na mizani yake, nilisema mwani wenu unakatika kwa uzembe: mnachelewa kuvuna, mnafunga mbegu ovyo. Hukunijibu. Ulijifunga kanga upya ukaingia ndani. Mmoja wa wenzako akasema labda ni husda, nami nikacheka.

Sasa nimesoma, na aliyestahili kuchekwa ni mimi.

Uliponiambia kwamba maji ya shambani yalikuwa ya moto "kama ya kumkandia mzazi", nilidhani unatia chumvi. Kumbe ulikuwa umeshanipa jibu. Pwani yetu, maji ya bamvua hupwa kabisa saa nne, saa tano za asubuhi, na hapo ndipo mnaposhuka. Yanayobaki ndani ya mwamba hayazidi kifundo, na jua limeshapanda. Katika miezi ya tanga mbili, kaskazi imelegea na kusi bado, hakuna upepo wa kuyakoroga maji ya juu na ya chini. Yanakaa tu, yanachemka. Ikiwa bahari kuu yenyewe nayo imepata joto kuliko kawaida yake, mwani hauna pa kukimbilia.

Yale matawi yanayogeuka meupe, yakalainika na kukatika, ni ugonjwa ambao wakulima wa Ufilipino waliuita barafu-barafu kwa weupe wake. Mwani uliochoshwa na joto, au na chumvi ya maji iliyobadilika ghafla, hushindwa kujikinga na bakteria. Katika aina mbili za mwani mnazolima, kotonii ndiyo dhaifu zaidi. Spinosamu huvumilia kidogo, lakini bei yake unaijua. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu za kutoka Ufilipino, kotonii ndiyo iliyokuwa na bei nzuri, na ndiyo iliyotukimbia. Ada zangu za shule zilitoka kwenye kamba zile, na bado nikasimama barazani kukufundisha kufunga mbegu!

Wataalamu wana kipimo chao: joto la bahari likipita kiasi kisicho cha kawaida kwa mahali pale na msimu ule, siku tano mfululizo au zaidi, wanalihesabu kuwa wimbi la joto la baharini. Matumbawe nayo hayahitaji mengi. Nyuzi 1 tu juu ya joto la mwezi wa moto kuliko yote, kwa wiki kadhaa, na yanawafukuza viumbe wadogo wa jamii ya mwani wanaoishi ndani yake, ambao humpa tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula. Linabaki jeupe. Joto likipungua mapema huweza kupona, likiendelea, linakufa. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za Elnino, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalikufa hivyo. Mwaka 2024 weupe ulirudi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Na tumbawe likifa likavunjika, hata pweza unayemchokoa anakosa tundu.

Najua utasema bahari ina miaka yake. Kweli, Elnino huja ikapita. Ila zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima limeingia baharini. Kwa hiyo Elnino ya leo inakuta chungu kimeshatiwa moto.

Wapo waliotafuta njia. Mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake hapa Zanzibar wamejaribu kulima kotonii kwenye kina, ndani ya nyavu za mfano wa mrija, ambako maji hayapandi joto upesi. Napenda kazi ile. Kinachonikera ni watu wa mikutanoni wanaosema "wahamie kina kirefu" kana kwamba ni kuhama chumba. Kina kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wewe na wenzako mmekwenda pwani miaka yote hii, na nani aliwahi kuwafundisha? Wavulana tulijitupa majini tungali wadogo. Nyinyi mliambiwa mjisitiri.

Nitakuja bamvua lijalo, inshallah. Taitai ulizoniagiza, zile kamba ndogo za kufungia mbegu, nimeshanunua. Naleta pia kipimajoto cha maji, tukifunge kwenye kigingi cha kwanza, uwe unaandika namba kila ukishuka, ili mnunuzi akirudi na maneno yake umfungulie daftari. Tafadhali usikipeleke jikoni kupimia uji.

Mwanao