Mteja hewa wa mwenzangu ni mimi

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Pasua hapa Moshi. Nauza nguo za watoto za mtumba kwa simu. Naposti Instagram na kwenye status ya WhatsApp, mteja ananitumia hela kwa simu, bodaboda anapeleka mzigo. Sina fremu. Stoo yangu ni chini ya kitanda, na nguo nazipigia picha mlangoni kwa mama yangu, mbele ya pazia lake la kitenge cha njano, saa nne asubuhi mwanga ukiwa umekaa vizuri. Hilo pazia likumbuke, Anti, maana lina kesi yake huko mbele.

Nilianza mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye kantini ya shule, ghafla hakuna wa kumuuzia. Nikaanza na sweta tano. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la Memorial, siku nyingine Kiboriloni, nawahi belo la mtumba linapokatwa kamba ili nichague kabla ya wengine. Ikifika saa tatu, wateja wangu wananiuliza: dada, leo kuna nini? Wauzaji wengine walikuwepo, ila sikuwajua, na usiyemjua hakusumbui.

Mwaka jana akaingia dada mmoja wa Majengo. Alikuwa mteja wangu. Alinunua kwangu mara mbili, akaniuliza natoaje ile harufu ya mtumba, nami nikamweleza yote, mpaka siki natia kiasi gani kwenye maji ya mwisho. Haikupita miezi miwili nikaona ukurasa wake. Nguo za watoto. Zimenyooshwa kama zangu, zimekunjwa kama zangu, maneno ni yale yale ya "wahi kabla mwenzio hajawahi". Bei yake iko chini ya yangu kwa elfu mbili.

Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kusema nimeibiwa bidhaa. Hapana. Wanaouza magauni mapya ya Kariakoo, gauni lile lile liko kwenye kurasa kumi, kwa hiyo wanakatana bei mpaka faida inabaki nauli. Mtumba hauko hivyo. Sweta ni moja tu, ukiiuza imekwisha, na hakuna mwingine mwenye pacha wake. Tunachogombania ni nani ameposti kwanza na nani anaaminika kutuma mzigo baada ya hela kuingia. Kwa hiyo hakunichukulia kitu ninachoweza kukishika mkononi, na nafikiri ndiyo maana iliniuma hivyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wao hawakuwahi kuwa na wafuasi mia nane ambao mia tatu kati yao wanamfuata na mwenzako.

Nikawa naamka, kabla hata sijaomba, naangalia ameposti nini. Akiandika "imeshauzwa" moyo unaniruka. Siku akikaa kimya, naoga nikiimba. Niliwahi kusikia kwamba kuna Tume ya Ushindani na sheria yake ya mwaka 2003, nikamtania mume wangu kwamba nitakwenda kushtaki. Akaniuliza: utashtaki nini, siki?

Mwezi wa tano nikaliona pazia la mama kwenye ukurasa wa mtu wa Arusha. Picha yangu mwenyewe, sweta niliyokwisha kuiuza, na bei yake ya kuvutia watu watume hela. Nilitetemeka. Sijui kwa nini sikufikiria mtu mwingine yeyote, nilisema hapo hapo ni yule wa Majengo amefungua ukurasa wa pili. Sikumuuliza yeye wala mtu mwingine.

Ndipo nikafanya nililolifanya. Nilifungua akaunti ya uongo, picha ya ua waridi, jina la Mama Junior. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kujua tu bei zake na mzigo anatoa wapi. Lakini alinijibu kwa upole mno, Anti, na ule upole ndio ulionichokoza. Wiki ya kwanza ya Juni, baridi ndiyo inaanza, mlima umejifunika, wakina mama wa Kibosho na Machame wanatafuta masweta, mimi Mama Junior nikaagiza sweta sita nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. "Niwekee dada, mshahara ukitoka tarehe 25 nalipa zote." Akaniwekea. Alizifunga kwenye mfuko na kunitumia picha, juu ameandika "Mzigo wa Mama Junior". Tarehe 25 nikamwambia mshahara umechelewa. Julai nikamwambia mtoto anaumwa. Akaniandikia pole, akauliza mtoto anaendeleaje. Baada ya Nanenane, jua limerudi na hakuna anayeulizia sweta, nikaifuta akaunti. Zangu zilikuwa zimeisha zote.

Mwisho wa Agosti tukakutana Memorial, kila mmoja na kiroba chake. Nilitaka kupita, akaniita.

"Dada yangu, wateja wa mtandao watatuua. Kuna Mama Junior mmoja kanikalisha na sweta sita msimu mzima."

Nikasema, "Pole."

Ndiyo, Anti, nilimpa pole. Halafu akasema, "Ila na wewe pole. Wale wa Arusha walichukua picha zangu, kwenda kuangalia nakuta na zako. Nikawaandikia, nikawaambia pazia lile nalijua, ni la dada wa Pasua, litoeni. Wakanibloku." Mimi ambaye nilikuwa nimeshamhukumu nilikuwa nimesimama pale nashika kiroba, sina la kusema.

Sasa ameniletea jambo. Kuna mtu Dar anayemfahamu, anauza mabelo kwa jumla. Belo la watoto gredi nzuri limevuka laki sita, yeye peke yake haliwezi na mimi siliwezi. Anataka tuchange nusu kwa nusu, tulifungue pamoja, tugawane kwa zamu, kabla watu hawajaanza kupanda nyumbani kwa Krismasi. Unajua Desemba ya huku ilivyo: ukoo mzima unarudi Uchagani, na kila mtoto lazima apendeze kwa bibi. Hesabu yake ni nzuri. Nimeirudia mara tatu sijaona kosa.

Mume wangu anasema nisiseme kitu, akaunti imefutwa, biashara ni biashara. Mama sijamwambia. Angenitazama tu, na hilo siliwezi. Nilifikiria kumtuma mdogo wangu akanunue zile sweta, kwa sababu nne bado anazo, nikagundua naandaa mteja hewa wa pili.

Nikimwambia ukweli naogopa mambo mawili. Moja, Moshi ni mji mdogo na status zinasomwa. Akiandika mstari mmoja tu, jina nililolijenga tangu 2020 linaondoka. La pili ni aibu ya mbele ya uso wake, ambayo nadhani ni kubwa kuliko hiyo ya kwanza. Nikikaa kimya, tutakuwa tunafungua belo pamoja, na najua ipo siku atamtaja Mama Junior tena, nami nitatakiwa kucheka. Na nikimkatalia bila sababu, atadhani nina roho mbaya. Sijui kama atakuwa amekosea.

Kuna mama mmoja mwenye duka mjini aliwahi kunifokea mbele ya watu kwamba sisi wa simu hatulipi pango wala leseni, tunawamalizia wateja. Siku ile nilimwona mwenye wivu. Siku hizi nikipita dukani kwake namsalimia.

Naomba uniambie, Anti: nimwambie kabla ya kutoa hela yangu, au nimlipe kwanza zile sweta kwa njia fulani ndipo niseme? Na kama ni kusema, nimfuate Majengo au nimwandikie? Nikimwandikia nitaweza kusema yote, lakini nimeshamwandikia uongo mwingi kwenye simu ile ile. Anataka jibu la belo Jumamosi.

Ni mimi,
Mwenye pazia la njano, Moshi