"Royalty" ya gesi si ya ukoo wa Mfalme Charles

Mhariri,

Habari za gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, hapa kwetu Tanzania, zinapotafsiriwa, "royalty" huvalishwa kila vazi: leo ushuru, kesho gawio, keshokutwa kodi. Jina lake ni mrabaha, yaani malipo anayopewa mwenye mali kwa haki ya kuichimba au kuitumia. Wengine huandika mrahaba, na asiyelijua hudhani kuna aliyeamkiwa shikamoo.

Waingereza wanalitumia neno hilo kwa mambo mawili. Moja ni watu wa ukoo wa kifalme, au hadhi yenyewe ya ufalme. La pili ni malipo, nayo yametoka humo humo: dhahabu na fedha iliyokuwa chini ya ardhi ya Uingereza ilihesabiwa mali ya mfalme, na mchimbaji alimlipa kwa haki hiyo. Ukikuta "royalties" kwa wingi, karibu kila mara ni fedha. Ukikuta umoja, usikimbilie kasri la mfalme, maana sheria za madini nazo huandika kwa umoja. Tazama maneno jirani: asilimia, tani, leseni. Na "loyalty" ya L ni uaminifu. Pointi za kampuni za simu ni za huko, hata kama ndimi zetu huchanganya R na L.

Mrabaha wa madini, tangu Sheria ya Madini ya 2010, hukokotolewa kwenye thamani ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama. Dhahabu ilipanda kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017. Madini ya viwandani, kama kinywe (grafiti) cha Ruangwa na jasi ya Kilwa, yaliwekewa 3. Kwa kiwango hicho, kinywe cha shilingi 100,000,000 kinadaiwa 3,000,000, hata mgodi ukiwa umekula hasara. Kodi ya mapato ya kampuni huangalia faida. Gawio linataka faida, kisha uamuzi wa kuigawa. Ushuru wa huduma ndio unaolipwa halmashauri. Mrabaha hulipwa Serikali Kuu. Kwa hiyo mkiuita mrabaha "ushuru", mnampeleka mtu wa Msimbati, kijiji cha huko Mnazi Bay, kuudai kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye haukupita mikononi mwake.

Waandishi wa vitabu nao waliangalie neno hili katika mikataba. "Asilimia 10" ya nini? Mchapishaji akiliuzia duka kitabu cha shilingi 10,000 kwa punguzo la asilimia 40, mrabaha ukipigwa kwenye bei ya jalada ni 1,000. Ukipigwa kwenye alichopokea mchapishaji ni 600. Mkataba usiotaja msingi wa hesabu huzaa ugomvi siku ya malipo ya kwanza.

Picha za mtandaoni zilizoandikwa "royalty-free" nazo si lazima ziwe za bure. Nyingi hulipiwa leseni mara moja, kisha hudaiwi tena kila unapozitumia ndani ya masharti yake. Ziiteni "zisizodaiwa mrabaha".

Msomaji wenu,
Mtwara